Balo la mashuka na mapazia ya mtumba: nichukue au niache?

Mama_Kibo:
Habari za jioni wapendwa. Nauza nguo za watoto za mtumba pale Memorial, Moshi, mwaka wa tatu sasa. Nanunua kwa vipande: naamka alfajiri, nawahi wanaofungua mabalo, nachagua. Wateja wangu wananiuliza mashuka na mapazia kila siku, basi nimejibana hadi nimepata laki saba nifungue balo langu. Kuna muuzaji wa Dar analo la kilo 45, limeandikwa HHR UK, laki sita na nusu, na halifunguliwi kabla hujalipa. Nilishaliwa kwenye sweta, nusu zilikuwa zimetoboka. Naogopa.

fundi_Ilala:
Dada, HHR ni vitu vya nyumbani vilivyochanganywa: mashuka, foronya, mataulo, mapazia, vitambaa vya meza. Mangapi ya nini, hakuna anayekuahidi. Na balo unalinunua kwa uzito ila unauza kwa kipande. Pazia zito lenye bitana linaweza kufika kilo mbili, yakiwa ishirini tu balo limekwisha. Tafuta lililochambuliwa mashuka matupu.

Babu_Karume:
Naunga mkono. Halafu hiyo UK isikupumbaze, inakwambia nguo zilikusanywa wapi, siyo nani alizichambua. Mzigo wa Ulaya mwingi unapitia kwanza Poland, Sharjah, Karachi au Kandla kule India. Kizuri kinatolewa hukohuko, wewe unaletewa kilichobaki na lebo ileile.

mzee_wa_hoja:
Kwani mitumba haikupigwa marufuku?

Babu_Karume:
Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Rwanda ndiyo iliyokaza, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya AGOA, yaani kuingia kwao bila ushuru. Sisi wengine tulirudi nyuma mapema. Hapa kwetu kilichokatazwa ni nguo za ndani.

wifi_wa_Tanga:
Tuache siasa, dada ana laki saba mkononi. Mimi nauza mashuka. Shida kubwa ni vipimo, vitanda vya Ulaya si kama vyetu. Vifuniko vya duveti, ile mifuko ya kuvisha blanketi nene, vya Ujerumani vingi ni sentimita 135 kwa 200, wateja wanavikataa. Ila ukikifumua unapata kitambaa cha 270 kwa 200. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinaenea, japo upande wa miguuni hakibaki kingi cha kuchomekea. Na usiamini neno pamba: chomoa uzi, uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini. Ukiyeyuka ukaganda kama shanga, hiyo ni polista, usiiuze bei ya pamba. Mimi wateja walinirudishia hadi nikakoma.

fundi_Ilala:
Na laki saba yote usiimalizie kwenye balo. Nauli, sabuni na fundi utalipa na nini?

Mama_Kibo:
Mungu awabariki. Nimeongea na jirani yangu wa mataulo, tutachukua la mashuka matupu tugawane nusu kwa nusu. Wifi, hivyo vifuniko unafumua upande gani?

wifi_wa_Tanga:
Ubavu mmoja mrefu, na kichwani. Upande wa vifungo uko wazi tayari. Tumia wembe, siyo mkasi, mkasi unakula kitambaa.