Kupanda ndege baada ya upasuaji wa urembo: Istanbul hadi Kisumu

Mama Junior, Leicester:

Hamjambo wote. Mdogo wangu wa Kisumu anataka kulipia kifurushi cha Istanbul: kukaza tumbo na kuinua matiti, vyote siku moja. Kliniki inampa usiku 7 hotelini, siku ya 8 apande ndege hadi Nairobi, na usiku huo huo achukue basi hadi nyumbani. Tiketi haijakatwa. Siku hizo zinatosha?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji, Nakuru:

Dada, hazitoshi, na umefanya vyema kuuliza mapema. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti, na siku 7 hadi 10 baada ya kukaza tumbo au kufanyiwa uso, kope au pua. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema siku 10 kwa upasuaji wa tumbo au kifua. Hicho ni kiwango cha chini, cha mtu ambaye kidonda kinakwenda sawa. Aliyefanyiwa mawili kwa pamoja ahesabu kwa lile zito, kisha aongeze. Kwa mdogo wako ningeweka siku 14, na kabla ya kuondoka aonwe na daktari aliyempasua mwenyewe, si mkalimani wa kliniki.

Wengi huogopa hewa ya juu. Hewa ndani ya ndege hubanwa ifanane na ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Nakuru yenyewe ni kama mita 1,850, na Eldoret ni kama 2,100. Titi la silikoni halipasuki angani, maana ndani hamna hewa. Kinachotanuka ni gesi ya tumboni, kwa karibu theluthi moja, na tumbo lililojaa huvuta nyuzi. Kwa hiyo maharagwe na soda aviache tangu siku ya kuamkia safari.

Hatari yenyewe ni kukaa. Baada ya upasuaji damu huwa rahisi kuganda kwa wiki kadhaa. Misuli ya tumbo iliyokazwa inabana damu inayopanda kutoka miguuni, korseti, lile vazi la kubana analovishwa baada ya upasuaji, inaongeza, halafu anakunjwa kitini. Safari ya zaidi ya saa 4 huongeza hatari hata kwa mtu mwenye afya, sembuse huyu. Donge hujifanya kwenye shavu la mguu, likichomoka linakimbilia mapafuni.

Siku ya kuonwa, mirija ya kutolea majimaji iwe imeshatolewa, asiwe na homa, na apimwe wingi wa damu, kwa sababu aliyepoteza damu nyingi huishiwa pumzi kwenye hewa nyembamba. Abonyezwe chini ya kitovu kwa vidole viwili: pakitikisika kama puto lenye maji, majimaji yamejikusanya ndani na lazima yavutwe kwa sindano kwanza.

Aulize pia kuhusu sindano za kuzuia damu kuganda, enoxaparin: atachoma kwa siku ngapi, na siku ya safari achome saa ngapi. Aspirini ya dukani haichukui nafasi yake, na ibuprofen juu ya sindano hizo huleta kuvuja damu. Kama anameza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, amwambie daktari sasa hivi, kwani mara nyingi husimamishwa wiki 4 kabla.

Soksi za kubana zichaguliwe kwa kupima kifundo na shavu la mguu asubuhi, mguu ukiwa haujavimba. Zikijikunja chini ya goti ni mbaya kuliko kutozivaa, kwa sababu mkunjo unafunga damu. Ndegeni anywe maji, aache pombe na dawa za usingizi, achezeshe vifundo vya miguu na kila saa atembee kidogo.

Wakala wa tiketi, Kisumu:

Mama Junior, chukua tiketi inayobadilishika tarehe, hata kama ni ghali kidogo. Shirika la ndege liambiwe ukweli. Mengi yatataka fomu ya MEDIF, yaani ya taarifa za afya ya abiria, iliyojazwa na daktari, itumwe siku 2 au 3 kabla. Aliyekazwa tumbo hutembea ameinama, kwa hiyo akificha ataonekana kwenye kaunta na anaweza kuachwa. Kiti cha magurudumu hakilipiwi, ila kiombwe wakati wa kukata tiketi. Kiti cha ndani ya ndege kiwe cha kando ya njia. Begi la kilo 23 asiliguse kabisa.

Hilo basi la usiku lifutwe. Istanbul hadi Nairobi ni karibu saa 7, na basi ni saa 7 au 8 nyingine, juu ya matuta. Miguu haijui kwamba ndege ilishatua. Alale Nairobi, kesho yake apande ndege ya Kisumu, haifiki saa moja. Akilazimika barabara, iwe gari dogo, mchana, na ashuke kutembea Naivasha, Nakuru na Kericho. Mkanda wa gari hupita juu ya kidonda kabisa, kwa hiyo akunje taulo aiweke katikati.

Mama Junior:

Asanteni sana. Na mguu ukivimba akishafika?

Muuguzi, Nakuru:

Apime kwa utepe wa fundi, sentimita 10 chini ya goti, miguu yote miwili. Ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, au una joto na maumivu, aende Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, usiku huo huo, na aseme tangu mlangoni kwamba amepasuliwa na ametoka ndegeni. Asikubali kukandwa, hata na mama, kwa maana kukanda kunaweza kuchomoa donge. Kukosa pumzi, kifua kuchoma akivuta hewa, au kukohoa damu si jambo la kungoja kukuche.

Joto la Kisumu hutoa vipele chini ya korseti: awe nazo mbili, abadilishe kila siku. Ziwani asiingie mpaka kidonda kifunge kabisa.

Arudi na ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, si Kituruki, pamoja na orodha ya dawa. Na vijiuvimbe vikitokea kwenye kovu baada ya wiki kadhaa, vikigoma kupona kwa antibiotiki za kawaida, usaha upimwe pia bakteria wa jamii ya kifua kikuu. CDC iliwahi kuwakuta kwa Wamarekani waliofanyiwa urembo Jamhuri ya Dominika. Maabara isipoambiwa, haiwatafuti.