Wana Tanga, baiskeli ya kutembelea tu (si ya kwenda sokoni): tupeane uzoefu

Kisahani

Habari za jioni ndugu zangu.

Jana kwenye saa kumi na moja nilikuwa napita Bombo na baiskeli, jirani yangu akanisimamisha.

"Wapi hiyo?"
"Raskazone."
"Kuna nani?"
"Hakuna mtu."
"Sasa unapeleka nini?"
"Sipeleki kitu."

Akaniangalia kuanzia rimu mpaka kichwani, akasema, "Pole."

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Tanga baiskeli si jambo la ajabu. Mji ni tambarare, kina mama wanakwenda nazo Mgandini, wavuvi wanapakia samaki Deep Sea, watoto wanapelekwa nazo madrasa. Lakini ukipanda bila mzigo wala safari, unaonekana una matatizo nyumbani. Najua humu tupo tunaoendesha kwa raha zetu. Semeni, mnapita wapi na yapi yamewakuta?

Yangu ni fupi. Naanzia bustani ya Jamhuri, nashika barabara ya Hospitali, bahari mkono wa kushoto, kisiwa cha Toten kimekaa pale katikati ya ghuba. Napita Bombo, naitalii ile hospitali ya zamani ya Mjerumani, halafu vivuli vya miti mpaka mwisho kabisa Raskazone. Kwenda na kurudi hazifiki kilomita kumi. Huko ndiko Waingereza walikoteremsha askari wao kutoka India Novemba 1914, wakatimuliwa na Mjerumani, na nyuki nao wakaingia vitani. Mimi nyuki mmoja tu aliniingia kwenye shati mwaka juzi nikaenda mtaroni na baiskeli yangu. Kwa hiyo wale askari siwacheki.

Mtang'ata

Mkuu umenikumbusha Tongoni, kule kwenye magofu ya kale. Nilikwenda mwezi wa saba, kabla barabara ya Pangani haijaanza kuwekwa lami. Nilitoka alfajiri nikijua ni kilomita kama ishirini tu, saa moja na nusu nimefika. Sikupiga hesabu ya kusi. Upepo unakuja usoni moja kwa moja, barabara ya vumbi imejaa mawimbi, kila ukipata mwendo matako yanakwambia punguza. Mwambani nilikuwa bado mwanamume. Machui nikashuka nikakokota. Pale jirani ni Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, nikajidai nimeshuka kwa heshima yake.

Nilifika saa tatu na nusu, shati limeganda chumvi. Lakini nyie! Makaburi zaidi ya arobaini, mengine yana nguzo ndefu, nyingi zimeanguka zimelala kwenye majani. Kuna nguzo bado ina vishimo vya duara, ndimo walimokuwa wanapachika sahani na bakuli za Kichina. Nilitia kidole ndani, chokaa yake laini kama imepigwa juzi. Msikiti hauna paa, mihrabu bado ipo. Nikakaa kivulini nikala mkate wangu wa kumimina, hakuna sauti ila upepo.

Kurudi sasa. Kusi hiyo hiyo iko mgongoni. Toka Tongoni mpaka Machui nadhani pedeli nimezikanyaga mara kumi. Nikawafikiria Wareno wa Vasco da Gama. Merikebu yao moja, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya huku kwetu mwaka 1498. Waliporudi kutoka India Januari 1499, mabaharia wamekufa wengi, hawatoshi kuendesha vyombo vitatu, wakaichoma moto huku huku. Wenzetu kurudi ndiko kulikowaumiza. Mimi niliingia mjini napiga kengele.

Ushauri: wakati wa kusi nendeni kusini asubuhi, mteseke mkiwa na nguvu. Kaskazi ikishika, geuzeni, nendeni upande wa Amboni.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Assalaam aleykum. Mimi nilijifunza kwa baiskeli ya kiume ya marehemu baba, Phoenix, nikiwa siufikii usukani vizuri. Mguu naupitisha chini ya fremu, mwili upande mmoja, natembea kama kaa. Sasa nina yangu.

Jumamosi baada ya alfajiri natoka na shoga yangu, Chumbageni mpaka Sahare, tunakaa kuangalia ngalawa zikiingia, tunarudi kabla jua halijakaza. Watu hawashangai mwanamke juu ya baiskeli, Tanga hii. Wanashangaa tunarudi bila samaki.

Kina dada, baibui na cheni ni maadui. Langu lilinaswa mbele ya baraza limejaa wanaume wanakunywa kahawa. Baiskeli imesimama, mimi siwezi kushuka, siwezi kwenda. Mzee mmoja akaja, akageuza uso pembeni kwa adabu, akazungusha pedeli kinyumenyume taratibu mpaka nguo ikatoka, ina grisi na tundu la saizi ya andazi. Tangu siku ile nakata kipande cha tyubu kuukuu, nafungia pindo kwenye kifundo cha mguu. Mume wangu anasema nafanana na mtu wa posta wa zamani. Afanane yeye.

Popo

Amboni mimi, mapangoni. Kama kilomita nane, lami nzuri ya kwenda Horohoro, tatizo ni malori tu. Ukikata kuingia Kiomoni ndiyo unakutana na miba. Nilipata pancha tatu kwa siku moja, zote mwiba wa mchongoma. Fundi wa pale kijijini akatumbukiza tyubu kwenye karai, mapovu yakatoka kama chai inachemka, akaniuliza, "Hii unataka kiraka au unataka soksi?"

Ndani ya pango giza na popo, mwongozaji ana tochi na hadithi. Akatuambia njia hii inatokea Mombasa. Wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote kama mita 900, nikamwambia. Akajibu, "Hao walichoka."

Mkiwa na nguvu sogeeni mpaka Galanos, chemchemi za maji moto. Yananuka yai bovu, ila miguu inapona. Shati langu lilinuka siku nne.

Chungwa

Muheza. Kilomita 35. Msijaribu kama mimi, na gia moja. Mpaka Pongwe unaona raha, baada ya hapo vilima vinaanza na malori yanakupuliza pembeni. Nikafika, nikanunua machungwa gunia nusu nikafunga kwenye keria kwa tamaa. Nilirudi na basi, baiskeli kwenye buti.

Fundi Spoki

Nimewasoma wote kimya kimya. Nimetengeneza baiskeli zenu miaka mingi, nina maneno machache. Ukitoka Raskazone au Sahare, ile hewa ya bahari ina chumvi, inakula cheni na spoki ukiwa umelala. Futa kwa kitambaa kikavu, tia oili kidogo. Oili ya mashine, si ya kukaangia. Nimeletewa cheni inanuka bajia. Na wewe wa Amboni, kiraka, sulusheni na pampu vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Kisahani

Ahsanteni sana, na shikamoo Fundi. Taarifa tu: jirani yule wa "Pole" amekuja leo barazani. Anajifanya kuuliza mambo mengine, mwisho ikatoka, eti Tongoni ni lini tunakwenda. Baiskeli anayo, haina breki ya nyuma.

Fundi Spoki

Apitie kwangu Ijumaa. Na breki ya mbele nitaiangalia, namjua huyo.