Jiwe la kanisa liandikwe jina la nani?

MWANA WA SABAKI: Jamani naomba hili tulizungumze wazi. Huku kwetu bara ya Malindi kamati ya kanisa imekaa, ikakata shauri kwamba sherehe ya mwaka huu tuweke jiwe la kumbukumbu pale mlangoni, na maneno wanayotaka ni kwamba kanisa lililetwa na wamishenari Wazungu, basi, hakuna jina la mtu wetu hata mmoja. Mimi nimekataa nikaambiwa naleta fitina.

Kituo cha hao wamishenari huku kwetu, Jilore, kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Sasa wale Wagiriama wa Godoma tuwaiteje? Mwenzao Abe Ngoa alisikia neno kwa mmishenari Rebmann kule Rabai karibu na Mombasa, akarudi kwao akawafundisha jamaa zake, watu wanasali miaka ya 1870 huko. Na Fuladoyo, kile kijiji cha watumwa waliotoroka, je? Wakati ule mashamba ya mtama na simsim ya hapa Malindi yalilimwa na watumwa, mtu akichoka na kiboko anaingia mwituni usiku, akijaliwa kufika Fuladoyo anakuta watoro wenzake na Wagiriama wanalima na kusali pamoja. Kiongozi wao David Koi alikamatwa akakatwa kichwa Takaungu mwaka 1883. Askofu Hannington aliuawa Busoga 1885 na kila mtu anamjua, Koi alimtangulia kwa miaka miwili na watoto wetu wa sande skuli hawajawahi kulisikia jina lake. Inaniuma sana hii.

MZEE WA KANISA: Mwanangu, punguza hasira. Mmishenari Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto mchanga. Rebmann amekaa Rabai toka 1846 mpaka 1875, akaondoka macho hayaoni. Huyo Abe Ngoa umesema mwenyewe alisikia kwa nani? Ukimtoa Mzungu hapo na yeye umemtoa.

MWANA WA SABAKI: Shikamoo mzee wangu. Sijasema watolewe, Rebmann namheshimu na kaburi la mke wa Krapf pale Nyali nimelizuru. Lakini wa kwanza kubatizwa kule Rabai alikuwa Mringe, kilema, mwaka 1851, kisha miaka mingi waliobatizwa wakahesabika kwa vidole. Kanisa lilijaa watoro walipoanza kuja kwa miguu yao wenyewe, na kuna wakati wamishenari walibanwa wasiwapokee. Tarehe 1 Januari 1889 watoro kama 1,400 wa misheni za Rabai na jirani zake ndio wakapewa vyeti vya uhuru, wakati huo wameshajenga wameshalima wanaimba, na kasisi wao William Jones alikuwa mtumwa yeye mwenyewe, alipewa ushemasi 1885 pamoja na Ishmael Semler. Mtu kama huyo unamwitaje mgeni mwalikwa kwenye kanisa lake?

MTU WA SHELA MALINDI: Mimi Muislamu, naomba niulize kwa nia njema. Wenye mashamba wale walikuwa Waislamu, sasa jiwe likishaandikwa habari za Takaungu si ndio mtaanza kutuangalia vibaya sisi majirani?

MWANA WA SABAKI: Ndugu yangu umeuliza vizuri. Jiwe litaandikwa jina lake na mwaka, aliyemuua hatuandiki. Ule ulikuwa ugomvi wa wenye mashamba na watu waliowakimbia, nyinyi tunazikana na tunaalikana harusi.

MAMA WA KWAYA: Mimi bibi yangu alikuwa akisema asili yetu ni watoro, halafu anatuambia tusiseme nje. Aibu ilikuwa ya nini? Andikeni tu.

MWANA WA SABAKI: Asante mama. Mzee, kamati inakaa Jumapili baada ya ibada ya pili. Nimeandika mistari mitatu tu: Godoma, Abe Ngoa. Fuladoyo, David Koi, 1883. Halafu Jilore na wamishenari wake. Nakuomba uisome wewe, wakinisikia mimi watasema ni ujana.