Tuzo ya mchezaji bora wa kikapu vyuoni Marekani: ilianza lini hasa, na kwa nini mwaka mmoja una majina mawili?

MezaYaMichezo

Wakuu, habari za leo. Naandaa jedwali la washindi wa tuzo ya mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, litumike kwenye kipindi cha redio. Mambo matatu yananikwamisha. Kwanza, mwaka wa kuanza: huku naona 1905, kule 1959, pengine 1961, 1969 au 1977. Pili, kuna miaka yenye majina mawili: 1981 wapo Danny Ainge na Ralph Sampson, 1985 wapo Chris Mullin na Patrick Ewing, na kila mmoja ameandikwa kuwa ndiye bora wa mwaka. Tatu, Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi: nimwandike 2021 au 2022, na alitwaa tuzo ipi? Naomba majina ya tuzo pamoja na miaka, nisije nikawapotosha wasikilizaji.

Ubao24

Mkuu, miaka yote mitano uliyoitaja ni sahihi, ila kila mwaka una tuzo yake. NCAA wanaosimamia michezo ya vyuo hawatoi tuzo hii. Wanaoitoa ni vyama vya waandishi, mashirika ya habari na klabu za michezo, na kila mtoaji ana wapiga kura wake.

1905 ni ya taasisi ya Helms ya Los Angeles, na hapo pana mtego. Helms ilianzishwa 1936, kisha ikarudi nyuma kuteua wachezaji bora wa misimu iliyokwisha kupita, mpaka ikamfikia Christian Steinmetz wa Wisconsin, 1905. Mwaka huo hakuna aliyekabidhiwa chochote. Ukiliweka jina lake kwenye jedwali, weka na alama kwamba uteuzi ulifanywa miaka mingi baadaye.

1959 ni chama cha waandishi wa kikapu, USBWA. Wa kwanza alikuwa Oscar Robertson wa Cincinnati, akarudia 1960. Tuzo ikaja kupewa jina lake 1998. Kwa hiyo Bill Bradley wa Princeton, aliyeshinda 1965, mwandike kuwa mshindi wa tuzo ya USBWA; jina la Oscar Robertson halikuwepo juu ya tuzo ile wakati wake.

1961 ni shirika la habari la AP, wa kwanza Jerry Lucas wa Ohio State. 1969 ni tuzo ya Naismith, iliyoanzishwa na klabu ya Atlanta Tipoff na kupewa jina la James Naismith aliyebuni mchezo huu 1891. Wa kwanza kuitwaa ni Lew Alcindor wa UCLA. Angalia sana hapo: Alcindor ndiye Kareem Abdul-Jabbar, alibadili jina 1971. Ukichanganya vyanzo viwili bila kukagua, mtu mmoja anageuka wawili.

1977 ndiyo Wooden, na mimi naiona kuwa yenye msingi mzuri kuliko zote. John Wooden aliifundisha UCLA ikatwaa ubingwa wa taifa mara 10 ndani ya misimu 12, kuanzia 1964 hadi 1975, kisha akastaafu. Klabu ya Los Angeles Athletic Club ikaanzisha tuzo kwa jina lake 1976, na mwaka uliofuata ikampa Marques Johnson wa UCLA, ambaye alikuwa kwenye kikosi cha Wooden kilichobeba ubingwa wa 1975. Watu hushangaa kwamba Alcindor na Bill Walton, vijana wa Wooden mwenyewe, hawamo kwenye orodha. Walimaliza chuo kabla tuzo haijazaliwa, basi.

Tazama kombe lenyewe uone fikra za mzee. Lina sanamu tano za wachezaji, kazi ya mchongaji Don Winton. Mmoja ananyaka ribaundi (mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu), mmoja anatoa pasi, mmoja anatupia kikapuni, mmoja anadunda mpira, mmoja anakaba. Wooden aliamini mchezaji kamili sharti aviweze vyote vitano. Juu ya hapo kuna sharti la darasani: mgombea awe na wastani wa alama usiopungua 2.0 kwenye mizani ya 4.0. Hata ukifunga pointi 40 kila usiku, ukianguka masomo jina lako halipandi kwenye karatasi ya kura.

KuraNaTakwimu

Naongezea kwenye majina mawili. Kura za AP hupigwa na waandishi walewale wanaopanga timu 25 bora kila wiki, watu wapatao 60, na hufungwa kabla ya mashindano ya taifa ya mwezi Machi. Wooden hupelekwa kwa wanahabari wa nchi nzima, karibu 1,000, na kwa miaka ya karibuni dirisha la kura limekuwa likifunguliwa mashindano yakiwa yameanza, hivyo mpiga kura anaruhusiwa kuzingatia raundi mbili za mwanzo. Makundi tofauti ya watu wanaotazama mechi tofauti. Majibu kugongana ni jambo la kutarajiwa.

Mifano ya kuweka kwenye jedwali: 1981 Wooden alipewa Ainge wa BYU, huku AP na Naismith zikienda kwa Sampson wa Virginia. 1985 Wooden na USBWA ni Mullin wa St. John's, AP na Naismith ni Ewing wa Georgetown. 1991 AP ilimpa Shaquille O'Neal, lakini Wooden na Naismith zikamwendea Larry Johnson wa UNLV. 1995 Ed O'Bannon wa UCLA alipata Wooden, Joe Smith wa Maryland akapata AP na Naismith. Ukiona mtu anasema Shaq alikuwa mshindi wa Wooden, msahihishe.

Jambo jingine linalochanganya ni orodha za awali. Siku hizi Wooden huanza na majina 50 kabla ya msimu, katikati ya msimu hubaki 25, baadaye 20, na karatasi ya kura yenyewe huwa na 15. Kuwemo kwenye 50 si kuteuliwa kuwania fainali, na kukosekana humo hakumfungii mtu mlango, kwa sababu majina mapya huongezwa njiani. Kwa miaka mingi orodha ya mwanzo haikuwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza wala waliohama chuo. Kevin Durant wa Texas alishinda 2007 akiwa mwaka wa kwanza, na ndiye wa kwanza wa aina hiyo. Kanuni ya NBA iliyoanza na drafti (uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi) ya 2006 ndiyo iliyowalazimisha vijana wa namna yake wasubiri walau mwaka mmoja badala ya kutoka sekondari moja kwa moja, na wengi wakaupitisha chuoni. Baada yake wakaja Anthony Davis 2012, Zion Williamson 2019 na Cooper Flagg 2025.

KatubaBasketi

Kuhusu Tshiebwe: andika 2022. Msimu wa kikapu vyuoni huanza Novemba na kumalizika Aprili, na tuzo hutajwa kwa mwaka msimu unapomalizikia. Msimu wake ni 2021-22, akiwa Kentucky baada ya kuhama kutoka West Virginia. Hapo huna haja ya majina mawili: Wooden, Naismith, AP, Oscar Robertson, zote zilikwenda kwake.

Wastani wake ulikuwa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi. Hiyo ya pili isome polepole hewani. Alinyaka ribaundi 515 katika mechi 34, na zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita bila mchezaji yeyote wa ngazi ya kwanza ya NCAA kufikisha wastani wa 15. Desemba 2021 dhidi ya Western Kentucky alichukua 28 peke yake. Hata siku Kentucky ilipotolewa na Saint Peter's kwenye raundi ya kwanza, 85-79 katika muda wa nyongeza, yeye aliondoka na pointi 30 na ribaundi 16. Hakeem Olajuwon wa Nigeria hakuipata Wooden, wala Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Mtoto wa Lubumbashi aliipata, na sisi tunalitaja hilo kwa fahari.

MezaYaMichezo

Asanteni sana, nimeelewa. Upande wa wanawake je, niweke safu moja au kadhaa?

Ubao24

Kadhaa vilevile. Tuzo ya Wade ilianza 1978 na Carol Blazejowski wa Montclair State, Naismith ya wanawake 1983 na Anne Donovan wa Old Dominion, na Wooden ya wanawake 2004 na Alana Beard wa Duke.

Utagundua wanawake wanaorudia ni wengi: Seimone Augustus, Candace Parker, Maya Moore, Brittney Griner, Breanna Stewart, Sabrina Ionescu, Caitlin Clark, kila mmoja ana Wooden mbili. Kwa wanaume wapo wawili tu, Sampson 1982 na 1983, halafu Zach Edey 2023 na 2024, tena Edey ni wa Purdue, chuo alichochezea Wooden. Chanzo ni kanuni za kwenda kulipwa: mchezaji wa Marekani haingii drafti ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mpaka atimize miaka 22 ndani ya mwaka wa drafti au awe amemaliza masomo, kwa hiyo wengi hukaa chuoni miaka minne. Mwanaume aliyeshinda kwa kawaida huondoka kiangazi hichohicho.

KuraNaTakwimu

Na safu ya mchezaji bora wa hatua ya timu nne za mwisho, ile inayotolewa na NCAA kwenye wikiendi ya fainali, iweke mbali kabisa na hizi. Ile ni ya mechi mbili za mwisho.