Mashine ya Time Crisis ya kwanza: je, inafaa kwa ukumbi wa michezo leo?

MwenyeUkumbi_Tanga

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaendesha ukumbi mdogo wa michezo hapa Tanga, wenye meza mbili za puli na vituo vinne vya PlayStation. Nimepata mtu anayeniuzia mashine ya Time Crisis, mchezo wa kupiga maadui kiooni kwa bastola, ile ya kwanza ya Namco iliyotoka mwaka 1995, ambayo imeingia nchini na kontena la vitu vilivyotumika kutoka Japani. Nimeijaribu kwa nusu saa. Picha inaonekana vizuri na kanyagio linaitika, ila bastola inapiga kulia kwa pale ninapolenga, kama upana wa vidole viwili. Mchezo wenyewe umenivutia sana, na ndiyo maana naogopa kuamua kwa haraka. Kwa mliowahi kuucheza kwa muda mrefu, au kuitengeneza mashine yake, naomba mnieleze: uzuri wake hasa uko wapi, na ni kasoro gani ambazo mtu hawezi kuziona katika nusu saa ya kwanza?

BabaSalma_Muscat

Assalaam alaykum, ndugu yangu wa Tanga. Nimeucheza mchezo huu miaka mingi, tangu nilipofika huku Muscat nikiwa kijana, na kwa maoni yangu uzuri wake wote uko chini ya mguu. Katika Virtua Cop ya Sega, iliyotoka mwaka mmoja kabla, mchezaji amesimama wazi muda wote. Kinga yake pekee ni kumwahi adui kabla hajafyatua, na akitaka kujaza risasi hana budi kufyatua nje ya kioo. Namco waliweka kanyagio. Ukilikanyaga, Richard Miller, mhusika unayemwongoza, anainuka na kupiga; ukiliachia, anainama nyuma ya kitu kilicho mbele yake, risasi za maadui hazimpati, na papo hapo bastola yake inajazwa tena risasi sita. Kujificha na kujaza risasi vimekuwa tendo moja la mguu, wala hakuna anayehitaji kufundishwa mara mbili.

Lakini saa haisimami ukiwa umejificha, na hapo ndipo palipo na utamu. Ukikaa chini uko salama na muda unakwisha. Ukiinuka unaokoa muda na unaweza kupigwa. Mwishoni mwa hatua ya pili, unapopambana na Sherudo anayerusha visu, utaona mguu wako unaanza kuliachia kanyagio kabla akili haijaamua. Wengi wa waliokuja kushindana nami waliondoka wakilalamika kwamba paja linawauma kuliko mkono.

Sasa kasoro zake. Kwanza, muda ukiisha mchezo umekwisha, hata kama maisha yako yote bado yapo, na sheria hiyo ni kali mno kwa mgeni: atajificha kwa woga, saa itamfikia sifuri, naye atadhani mashine imemdhulumu tokeni yake. Pili, maadui hutokea mahali palepale kila mara, kwa hiyo baada ya mwezi mmoja vijana wako hodari watakuwa wameyakariri yote, na mchezo mzima una hatua tatu tu. Tatu, na hili lipime kwa uzito kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara: mashine hii ni ya mtu mmoja. Ni Time Crisis II iliyoleta wachezaji wawili, kila mmoja na kioo chake, wakilindana. Ukumbini vijana huja wawiliwawili.

FundiKisauni

Mimi nitazungumzia mashine tu, kwa sababu mchezo wenyewe umeshaelezwa vizuri kuliko ningeweza.

Kioo cha mashine hiyo ni cha chogo, na bastola inakitegemea kabisa. Ndani ya mdomo wa bastola kuna lenzi na kihisio cha mwanga. Picha ya chogo huchorwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, karibu mara 60 kwa sekunde. Unapofyatua, kioo kizima huwa cheupe kwa kufumba na kufumbua, kihisio kinanasa wakati halisi mwanga ulipopita pale ulipolenga, na kompyuta inapiga hesabu kutokana na wakati huo. Ndiyo maana huwezi kuitoa chogo na kuweka runinga bapa. Kuna mteja wangu aliyefanya hivyo bila kuniuliza, akaniita akisema bastola imekufa. Bastola ilikuwa nzima. Picha ilikuwa safi, ila bastola ilikuwa kipofu. Michezo ya baadaye ya aina hii ilihamia kwenye taa za infraredi, ndiyo maana inakubali runinga bapa, yako haikubali.

Bastola kupiga pembeni kwa kiasi kilekile kila mahali si ugonjwa. Fungua mlango mdogo wa sarafu, washa swichi ya majaribio, tafuta sehemu ya kurekebisha bastola na ulenge alama kama inavyoelekeza. Ikiwa inapotoka upande mmoja tu wa kioo, au pembe fulani haiitiki kabisa, hiyo ni habari nyingine, na usilipe kabla hujanirudia.

Kagua pia kebo pale inapoingia kwenye kitako cha bastola, kwani ndipo inapokatikia, na usikilize kama sehemu ya juu inaruka nyuma kwa nguvu kila unapofyatua. Mtikiso ule ni nusu ya raha ya mchezo, na ukiwa hafifu vijana watauhisi siku ya kwanza. Mwisho, mashine za Japani hutumia volti 100. Bila transfoma ya kushusha umeme, utaiunguza siku utakayoichomeka ukutani.

Mchezaji_Temeke

Naomba kuongeza njia nyingine. Kwa kuwa tayari una vituo vya PlayStation, tafuta toleo la mchezo huu la mwaka 1997 pamoja na bastola yake, GunCon. Lina sehemu ya ziada inayotokea hotelini, ambayo njia zake hubadilika kulingana na unavyocheza, jambo ambalo mashine kubwa haina. Nakiri kwamba kanyagio linageuka kuwa kitufe kilicho ubavuni mwa mtutu na bastola haitikisiki, na toleo hilo pia linadai TV ya chogo. Ila hasara yake ikiharibika ni ndogo.

MwenyeUkumbi_Tanga

Nawashukuru nyote. Leo nimerudi kwa muuzaji, akaniruhusu kufungua mlango wa sarafu. Nimerekebisha kama Fundi alivyoelekeza, na katikati ya kioo bastola sasa inapiga ninapolenga. Tatizo liko pembe ya juu kushoto: nafyatua mara tano, inaitika mara moja. Nimemwomba kijana afyatue huku mimi nikitazama ule weupe, na nimeona pembe hiyo inabaki ya kijivu wakati kwingine kote ni kweupe.

FundiKisauni

Umetazama vizuri, kaka. Kama ingekuwa lenzi chafu, bastola ingesumbua kila upande. Hapo ni chogo ndiyo iliyochoka, na pembe ya juu ndiko wanakosimama maadui wa ghorofani. Mwombe aongeze mwangaza kidogo ndani ya mashine mbele yako. Pembe ikiitika, nunua, lakini umwambie akupunguzie kiasi kinacholingana na bei ya chogo nyingine, kwa kuwa utaihitaji na haitakuwa rahisi kuipata. Isipoitika, mwachie mashine yake.

BabaSalma_Muscat

Naungana na Fundi. Na ukiipata, iweke mbali na dirisha, na uweke kitambaa kigumu chini ya kanyagio lisiteleze sakafuni.