Hivi hili neno "thug" lilianzia wapi hasa?

Zabibu_Kavu:
Mbukwenyi wakuu. Nina kiduka cha kuprinti stika na tisheti hapa Majengo, Dodoma, na madogo wa bajaji na boda wengi wanataka "Thug Life" tu, mi naprinti hela inaingia. Sasa kuna mzee mmoja Mhindi alikuja kuchukua bango lake akaziona, akacheka mpaka machozi, ananiambia kijana, kwetu sisi hilo neno ni tapeli. Nikamwambia hapana mzee hilo la kina Tupac, la Marekani, ndo akazidi kucheka. Nimegugo napata vipande vipande, huyu anasema jambazi, yule anasema mtu aliyepambana na maisha. Mwenye historia yake atiririke. Na je kuna siku ntakuja kudakwa kwa kuziprinti?

Mwl_wa_Kikuyu:
Mzee wako yuko sahihi. Kihindi thag ni tapeli, laghai, na ukilifuata nyuma linafika Kisanskriti, kwenye neno lenye maana ya kuficha. Sio jipya hata kidogo, mzee mmoja anaitwa Ziauddin Barani aliyeandika historia ya Delhi karne ya 14 anasema sultani Jalaluddin Khalji, miaka ya 1290 hivi, aliletewa thag kama 1,000 waliokamatwa, hakuua hata mmoja, akawapakia kwenye mashua wakatupwa huko Bengal wakawe tatizo la wengine 😂

Waingereza ndo walilibeba wakaenda nalo kwao. Miaka ya 1830 kuna afisa wao anaitwa William Sleeman, alikuwa Jabalpur hukohuko India, akaanzisha msako wa magenge ya barabarani. Sasa hawa jamaa hawakuwa wa kuvizia na panga. Wanajiunga na msafara kama wasafiri wenzenu, mnakula pamoja, mnapiga stori siku kadhaa mpaka mnaitana ndugu, halafu usiku kitambaa shingoni, maiti inazikwa hapohapo na mzigo unagawanywa. Ndo maana jina la tapeli liliwakaa, kuua kulikuja mwisho kabisa, kazi yenyewe ilikuwa kuaminiwa.

Mwaka 1836 ikaja sheria kwamba ukithibitika tu ulikuwa kwenye genge la thag unafungwa maisha na kazi ngumu, hata kama hawajakupata na mauaji yoyote. Na ushahidi mwingi ulitoka kwa wenzao waliokamatwa wakakubali kutaja ili wasinyongwe. Sasa jiulize mtu anayeokoa shingo yake kwa kutaja majina atataja mangapi. Ndo maana wanahistoria wanabishana mpaka leo, ile picha ya dhehebu moja la siri India nzima linaloua kwa ajili ya mungu wao wa kike anayeitwa Kali, wengi wanaona mkoloni aliikuza. Ila Uingereza watu waliipenda hiyo picha, 1839 Philip Meadows Taylor akatoa riwaya kuhusu thag ikasomwa kweli kweli, na neno likaganda kwenye Kiingereza likiwa na maana ya katili. Utapeli ukabaki India.

DerevaNkuhungu:
Kwa hiyo thug orijino Dodoma ni dalali wa viwanja 🤣🤣 serious, tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016 hao ndo wametumaliza. Anakufuata na gari, anakununulia soda, anakuita shemeji, anakupeleka site kuna mpaka jirani wa kupanga anasema kiwanja hakina mgogoro, unalipa, unaenda kuchimba msingi unakuta wenzio wawili wana karatasi kama yako. Yaani ni msafara uleule, kasoro kitambaa.

Kaka_wa_Mpwapwa:
Mwalimu umemaliza ila kuna kipande wengi hawakijui. Hili neno lilishawahi kuwa kwenye sheria hapahapa kwetu. Mwingereza alipochukua Tanganyika kwa Mjerumani hakuandika sheria upya, 1920 alileta za India, ikiwemo ile ya makosa ya jinai ya 1860, na ikatumika hadi 1930 ilipokuja ya kwetu. Kwenye hiyo ya India kifungu cha 310 kinamtaja thug kwa jina, mtu mwenye mazoea ya kushirikiana na wenzake kwenye unyang'anyi au kuiba watoto, pamoja na mauaji. India wenyewe wameishi nacho mpaka Julai 2024 sheria yao mpya ilipoanza kazi.

Ila huku mkoloni alimpata wake, mhuni. Mhuni wa kipindi hicho hakuwa lazima kaiba, ni kijana yupo mjini hana kazi inayoeleweka. 1944 wakatunga kabisa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, unakamatwa Dar unarudishwa kwenu. Na tusijifanye iliishia kwa mkoloni, 1983 tulikuwa na Nguvu Kazi, ule msako wa kuwatoa mijini wasio na kazi, wazee waulizeni.

queen_wa_udom:
Mmemruka Tupac 😒 Marekani lilishakuwa jambazi wa kawaida tu, yeye akalichukua akajichora tumboni, herufi I ya Life ni risasi, na 1994 akatoa albamu na kundi lenye jina hilohilo. Alikuwa anasema kila herufi ina neno lake, kwa ufupi chuki mnayomlisha mtoto mdogo inakuja kumharibia kila mtu. Yaani tusi analivaa mwenyewe.

Lakini halikupoa. Januari 2014 Richard Sherman, mchezaji mweusi wa Seattle Seahawks, timu ya futiboli ya Kimarekani, alipiga kelele kwenye intavyuu baada ya mechi, wiki nzima anaitwa thug, na huyo ana digrii ya Stanford! Akasema siku hizi hiyo ndo njia inayokubalika ya kumwita mtu lile tusi la weusi. Na 2015 Baltimore kwenye vurugu baada ya kifo cha Freddie Gray, kijana mweusi aliyekufa baada ya kukamatwa na polisi, meya mwanamke mweusi alilitumia mwenyewe akaja kujirekebisha, Obama nae alilitumia.

DerevaNkuhungu:
Mnaremba sana dada. Aliyenikaba na kuchukua simu yangu usiku hakuwa anapinga ubaguzi.

queen_wa_udom:
Pole kaka, huyo muite mwizi, kafanya kitu. Mi nasema wa intavyuu alifanya nini? Mbona wewe kila asubuhi kijiweni unasalimia "mambo mhuni wangu", ina maana wote wezi?

DerevaNkuhungu:
Hapo umenipata kidogo

Zabibu_Kavu:
Asanteni sana aisee. Swali la kudakwa hamjajibu.

Kaka_wa_Mpwapwa:
Maneno hayana shida mkuu. Waambie tu wasibandike juu ya namba ya usajili wala taa, hapo trafiki atawapiga faini hata kama umeandika Yesu ni Bwana.