Ni kweli "nice" lilimaanisha mjinga?

Mdadisi: Wakuu, inasemekana zamani ukimwita mtu "nice" umemtukana. Neno linatokaje kwenye tusi mpaka likawa sifa? Na mtu atatambuaje asili ya kweli na ile ya kutungwa?

Mzizi: Ni kweli. Chanzo ni Kilatini "nescius", asiyejua: "ne" inakanusha, "scire" ni kujua. Likapitia Kifaransa cha kale na kuingia Kiingereza karibu mwaka 1300 likimaanisha mjinga. Halikuruka ghafla. Likawa la mtu wa kuchaguachagua, kisha la jambo lenye usahihi wa hali ya juu, ndiyo maana "a nice distinction" ni tofauti ndogo inayotaka jicho kali. Kufikia karne ya 18 likawa la kupendeza tu.

"Silly" lilikwenda kinyume chake: mwenye heri, kisha asiye na hatia, wa kuhurumiwa, dhaifu, na mwishowe mpumbavu. Wajerumani bado wana "selig", mwenye heri.

Bahari: Maana ya kale hujificha kwenye maneno ambatani. "Meat" lilikuwa chakula chochote, na "sweetmeat" hadi leo ni kitu kitamu kisicho na nyama. Ila usimsahihishe mtu kwa hoja ya "asili yake ni hivi". Maana ya neno iko kwa wanaolitumia sasa.

Kamusi: Namna ya kupima: fungua Oxford English Dictionary. Kila maana ina mifano yenye mwaka, ya zamani ikitangulia. Hadithi ikidai neno la kabla ya karne ya 20 ni mkusanyiko wa herufi za mwanzo za maneno kadhaa, itilie shaka papo hapo. Ufupishaji wa namna hiyo ulikuwa nadra.

Mara nyingi kisa halisi ni sikio tu. "Apron" lilikuwa "napron". "A napron" ikasikika "an apron", n ikahama. Na sisi je? "Keep left" tukaisikia kiplefti, yaani mzunguko wa barabarani, tukazaa viplefti.

Mdadisi: Na "salary", yaani mshahara, ni kweli imetokana na chumvi?

Kamusi: Undugu upo: "salarium" ya Kilatini imetokana na "sal", chumvi. Kinachozidishwa ni kwamba askari wa Roma walilipwa magunia ya chumvi. Hakuna maandishi ya Waroma yanayosema hivyo waziwazi.